Jinsi ya kusoma namba na herufi za kwenye tairi, oili, plagi na boliti za gari au pikipiki

Haya wadau karibuni, leo hatufungui injini wala hatuingii uvunguni, leo tunasoma. Kila kitu cha gari na pikipiki kimeandikwa namba na herufi lakini watu wengi hawazisomi, mtu anaenda dukani anasema nipe tairi ya gari dogo, nipe oili nzuri, basi anapewa kilichopo. Oili nzuri kwa gari la jirani inaweza ikaiua klachi ya pikipiki yako, na hilo limeandikwa palepale kwenye kopo, ntakuonyesha. Washa tochi ya simu, tafuta kitambaa, twende.

Hatua ya kwanza, tairi. Kata usukani wote upande mmoja ili tairi ya mbele itokeze ubavu, futa vumbi. Jina kubwa la kampuni achana nalo kwanza, tafuta mstari wa namna hii: 205/55 R16 91V. Simamisha video hapa uangalie ya kwako inasemaje afu urudi.

205 ni upana wa tairi kwa milimita, ubavu mpaka ubavu. 55 sasa sio milimita, hapa ndo wengi wanapotea, ni asilimia, yaani kimo cha ubavu kutoka kwenye rimu kwenda juu ni asilimia 55 ya ule upana, piga 205 mara 0.55 unapata kama milimita 113. Kwa hiyo ukitoka 205/55 ukafunga 205/65 kwa kuona si ni 205 ileile, gari inanyanyuka kama milimita 20, spidomita inaanza kudanganya inakuonyesha spidi ndogo kuliko unayoenda kweli, na ukikata kona kali tairi inaweza ikasugua madigadi. R ni rediali, ni jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, karibu tairi zote za gari ndogo siku hizi ni hivyo, tusikae hapo. 16 ni kipenyo cha rimu, na hii ni inchi. Ndio, milimita, asilimia na inchi kwenye mstari mmoja, aliyepanga hivi sijui alikuwa anawaza nini lakini ndo dunia nzima inavyotumia.

91 ni uzito ambao tairi moja inaruhusiwa kubeba, ila sio kilo 91, ni namba ya kwenye jedwali na 91 maana yake ni kilo 615. V ni spidi ya juu ambayo tairi imepimwa kuhimili, kilomita 240 kwa saa, H ni 210, T ni 190, S ni 180. Utasema mimi siendi hata 120 herufi ya nini, sawa, lakini mtengenezaji wa gari ameshapiga hesabu ya uzito na joto, usishuke chini ya alichoandika, hasa ile namba ya uzito kama unapenda kujaza buti mpaka linashuka.

Kuna maandishi madogo yanaanza na MAX yanataja upepo. Wadau huo sio upepo wa kujaza! Huo ni mwisho wa tairi yenyewe. Upepo wa gari lako uko kwenye stika, fungua mlango wa dereva angalia kwenye nguzo, magari mengine wameibandika kwenye kifuniko cha tenki la mafuta. Pikipiki mara nyingi iko kwenye kava la cheni au kwenye chuma kinachoshika tairi ya nyuma.

Bado tuko kwenye tairi, tafuta neno DOT. Baada yake kuna msururu wa herufi na namba, wewe shika namba nne za mwisho tu, ukikuta 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, ndo tairi ilipotengenezwa. Ukiona namba hizo hazipo usiseme tairi ni feki, mara nyingi zimepigwa upande mmoja tu, zunguka uangalie ubavu wa ndani. Ila ukikuta ni tatu badala ya nne, hiyo tairi ni ya kabla ya mwaka 2000, usiifunge hata kama ina kashata (yale meno ya juu ya tairi) kama mpya, mpira unakufa kwa umri hata ukiwa umekaa stoo.

Alama ya TWI nayo iko juu karibu na kashata, fuata hapo uingize kidole kwenye mfereji utagusa kivimbe kidogo cha mpira. Kashata ikiisha mpaka ikawa sawa na hicho kivimbe, kwa tairi ya gari umebaki na milimita 1.6, hapo ni kubadilisha, kwenye maji haitashika.

Watu wa pikipiki sijawasahau. Zenu ziko za aina mbili, ya kisasa ni 90/90-18 51P ambayo unaisoma kama ya gari, upana milimita 90, kimo asilimia 90, rimu inchi 18, 51 ni kilo 195, P ni kilomita 150 kwa saa. Ya zamani ni 3.00-18, hapo 3.00 ni upana kwa inchi na 18 ni rimu. Ukiona 6PR usianze kuhesabu nyuzi, inamaanisha uimara wake ni sawa na tairi ya tabaka 6 za zamani, ndani zinaweza zikawa chache. TT ni ya kuweka tyubu, TL ni tyubulesi. Na tyubulesi ukiifunga kwenye rimu ya spoki za kawaida bila tyubu ndani upepo unatokea kwenye matundu ya spoki, kwa hiyo TL peke yake haitoshi, rimu nayo lazima ikubali. Kama kuna mshale ubavuni ufuate mshale, tairi ikifungwa kinyume haitoi maji vizuri.

Hatua ya pili, oili, na hapa naomba msiruke mbele. Chukua kopo uligeuze. Mbele utaona kitu kama SAE 10W-30, SAE ni kipimo cha uzito wa oili. W ni baridi, kwa hiyo 10W inasema oili inavyotiririka injini ikiwa ya baridi, namba ikiwa ndogo inawahi kufika juu unapowasha asubuhi. 30 ni uzito wa oili ikishachemka, inapimwa kwenye nyuzi 100. Sio kwamba namba kubwa ndo oili kali au bora, hapana, injini iliyotengenezwa kwa 5W-30 ina vinjia vyembamba, ukiijazia 20W-50 kwa kuona ni nzito inalinda zaidi, ukiwasha asubuhi inachelewa kufika juu kwenye valvu na kamshafti, na hizo sekunde za mwanzo ndo injini inasagika.

Geuza nyuma sasa, tafuta API, hicho ni kiwango cha ubora wa oili cha Marekani. Kama herufi zinaanza na S, mfano SL, SN, SP, ni ya petroli. Zikianza na C, mfano CI-4 au CK-4, ni ya dizeli. Zikiwepo zote mbili inaruhusiwa kote. Kwa petroli herufi ya pili kadri inavyosogea mbele kwenye alfabeti ndo oili ya kisasa zaidi, SL ilitoka 2001, SN ikaja 2010, SP 2020, kwa hiyo kitabu kikisema SL ukaweka SN kwenye gari hamna shida.

Nimesema kwenye gari. Kwenye pikipiki subiri kwanza, tafuta herufi nyingine, JASO, hicho ni kiwango cha Kijapani. Iko hivi, kwenye gari oili ya injini haikutani na klachi kabisa, klachi iko nje kavu. Kwenye pikipiki nyingi za gia, injini, giaboksi na klachi vyote vinaoga kwenye oili moja, pleti za klachi ziko ndani ya oili na zinatakiwa zing'ang'aniane humohumo. Sasa oili nyingi za gari za siku hizi zimewekewa dawa ya kupunguza msuguano ili gari litumie mafuta kidogo, hiyo dawa kwa gari ni baraka ila kwa pleti za klachi ni sumu, zinaanza kuteleza, unavuta mafuta injini inalia mzunguko unapanda lakini pikipiki haivuti, hasa kwenye mlima na ukiwa na abiria, fundi anakwambia pleti zimeisha unanunua mpya na oili ni ileile, baada ya muda shida inarudi.

Kwa hiyo pikipiki ya gia tafuta JASO MA au MA2. Ukiona MB usiweke, hiyo ni ya skuta zile za mkanda ambazo klachi yake haiko kwenye oili. Na kwenye ile nembo ya duara ya API ukiona chini imeandikwa Resource Conserving au Energy Conserving, hiyo mwachie mwenye gari. Zile injini za kuchanganya oili na petroli ni habari nyingine, huko unatafuta JASO FC au FD, usije ukaweka oili ya kawaida ya injini kwenye mchanganyiko.

Hatua ya tatu fasta, mafuta ya breki. Soma juu ya kifuniko cha kikopo chake, kimeandikwa DOT 3 au DOT 4. Ndio ni DOT ileile ya kwenye tairi, ni kifupi cha Wizara ya Uchukuzi ya Marekani. DOT 4 mpya inachemka kuanzia nyuzi 230, ila mafuta haya yanafyonza unyevu hewani, yakishanyonya maji kiwango kinashuka, kinaruhusiwa mpaka 155. Yakichemka yanatoa mapovu, unakanyaga pedali inazama mpaka chini. Chupa iliyokaa wazi miezi itupe. Na mtego uko hapa, DOT 5.1 inachanganyika na 3 na 4, lakini DOT 5 yenyewe ni silikoni, usiichanganye na yoyote kati ya hizo.

Hatua ya nne, plagi. Ichomoe injini ikiwa imepoa, usome kwenye kauri. Mfano NGK CR7HSA: C ni uzi wa milimita 10, R ina kizuizi cha kupunguza kelele za redio, 7 ni joto, yaani plagi inavyolitoa joto, H ni urefu wa uzi milimita 12.7. D8EA ni uzi wa milimita 12 na urefu 19, kwa hiyo hizi mbili haziingiliani kabisa. Urefu ndo wa kuogopa, plagi ndefu kuliko inayotakiwa inaweza kugongwa na pistoni. Kwenye joto, NGK na Denso namba ikiwa kubwa plagi ni ya baridi zaidi, yaani inatoa joto haraka, Bosch na Champion ni kinyume, namba kubwa ni ya moto, na Denso 22 ndo NGK 7, usilinganishe namba za kampuni mbili kwa macho.

Ya mwisho, boliti. Kichwani imeandikwa 8.8 au 10.9, huo ni uimara sio saizi. Ile 8 ya mwanzo zidisha kwa 100 ni megapaskali 800 (kipimo cha mkazo wa kuvuta) ndo inakatika, .8 ni kwamba inaanza kunyooka na haitarudi ikifika asilimia 80 ya hapo. Iliyotoka ni 10.9 usirudishie 8.8 eti imeingia uzi. Na saizi ya spana sio saizi ya boliti, M8 ni unene wa uzi, gari nyingi za Kijapani unaifungua na spana namba 12, za Ulaya namba 13, ukienda kununua pima uzi.

Anayetaka kuniuliza oili au plagi ya gari lake aniandikie kodi ya injini, yaani zile herufi na namba za kutambulisha aina ya injini, sio jina la gari tu, jina moja linaweza likawa na injini tatu tofauti na kila moja ina oili yake. Kodi iko kwenye kibati ndani ya boneti au kwenye bloku yenyewe, ipigie picha uitume.