Nauli ya Kuingia Uwanjani: Gholdengo, Toxapex na kizazi cha 9

Haya wadau, sogeeni mbele, hizo viti za nyuma tuwaachie wenye watachelewa. Maiki sihitaji, chumba ni ndogo.

Nimeombwa niongee juu ya nani ameshinda na nani ameumia kwa kizazi cha 9 cha Pokémon, zile gemu za wanyama wa kupigana, yaani Scarlet na Violet, zile zilitoka Novemba 2022. Najua mnangoja niwasomee orodha, Flutter Mane juu, Iron Bundle juu, fulani chini. Sisomi orodha. Kila mtu hapa anajua Flutter Mane ana 135 mara tatu, kwa Special Attack, Special Defense na spidi, na ndio maana Smogon, ile jamii ya mtandaoni inayoweka sheria za mashindano, walimfungia nje ya OU, ligi yao kuu. Hiyo mtu haitaji kutoka nyumbani kuja kuambiwa. Jambo langu nimelisema Nakuru, nikalisema Kakamega, na hapa Kisumu nitalisema mpaka liingie: kizazi hiki kinaamuliwa na nani ana nauli ya kuingia na kutoka uwanjani, yaani afya ya kulipa kila akiingia. Ukiishiwa na nauli, hata uwe na ngumi ya aina gani, utakaa stejini ukiangalia wenzako wakienda.

Wacha nitoe mechi moja. Ilikuwa jioni, niko kwa saiba moja pale Kondele, mvua inapiga mabati mpaka huskii mtu wa kando yako, niko Showdown, ule uwanja wa mtandaoni wa kupiganisha Pokémon, kwa simu, juu wengi wetu hatuna Switch, ile mashine ya Nintendo, na Showdown ni bure, inafunguka tu kwa brauza. Timu yangu ilikuwa ile imenilea kizazi cha 8, Toxapex, Corviknight, ulinzi mtupu. Jamaa akaanza na Ting-Lu. Raundi ya kwanza, Stealth Rock, mawe ya kumkata kila anayeingia. Ya pili, Spikes, miiba ya kazi hiyo hiyo. Mimi nimetulia, si niko na Corviknight na Defog, mbinu ya kufagia uwanja? Nikamleta, nikabonyeza Defog, na raundi hiyo hiyo jamaa akabadilisha akaingiza Gholdengo. Defog ikagoma. Mawe bado yako chini, miiba bado iko chini, na sasa mbele yangu kuna huyu mtu wa dhahabu na Thunderbolt mkononi.

Mnajua venye inafanya kazi, uwezo wake ni Good as Gold, mbinu yoyote ya mpinzani ambayo si ya kupiga, ikimlenga yeye haishiki, na Defog lazima imlenge mtu. Unasema basi nitumie Rapid Spin, lile fagio lingine? Rapid Spin ni ya aina ya Normal na yeye ni Steel na Ghost, inampita kama upepo. Kwa hivyo njia mbili kubwa za kufagia uwanja, zote mbili, zinafungwa na mtu mmoja, na hajafanya kitu, ameingia tu akasimama. Ni kama magugu yakifunga ufuo pale Dunga. Mtumbwi uko, nyavu ziko, samaki wako, lakini hautoki.

Sasa fanyeni hesabu na mimi, na hii ndio sehemu watu huniacha nikiongea peke yangu. Toxapex anaishi kwa Regenerator, akitoka uwanjani anarudishiwa theluthi ya afya, karibu asilimia 33. Stealth Rock inamkata 12.5 akiingia. Spikes tatu zinamkata 25. Jumla 37.5. Umeona? Anatoka na 33, anarudi akilipa 37.5. Ile biashara yote ya Toxapex, ile ya kuingia na kutoka mpaka mpinzani achoke, sasa inaenda hasara. Najua kuna mtu wa hesabu atanyoosha mkono aseme Black Sludge, kile kitu Toxapex anabeba, inarudisha 6.25 kila raundi. Ni kweli. Ongeza hiyo 6.25, unabaki na faida ya mbili na kitu, na hapo bado hujahesabu ngumi yenye ulikuwa unaingia kuipokea. Nani anafungua duka kwa faida kama hiyo?

Turudi kwa mechi. Jamaa akamaliza Spikes zake tatu bila haraka, kila nikijaribu kufagia Gholdengo huyo. Kisha akaleta Garganacl. Omera, yule mlima wa chumvi! Nikamweka Toxapex, nikaambiwa Salt Cure. Kwa wengine chumvi inakula thumni ya afya kila raundi, lakini kwa aina ya Water, kama Toxapex, na Steel inakula robo. Robo! Recover, mbinu ya kujiponya, inarudisha nusu, kwa hivyo raundi mbili za chumvi zimekula Recover nzima. Nikajaribu Toxic, hapana, Purifying Salt yake inazuia ugonjwa wowote. Kumchoma na Scald? Hiyo pia ingezuiwa, na tena Toxapex alinyang'anywa Scald kizazi hiki, ile maji ya moto iliyokuwa inaunguza mtu asilimia 30 ya wakati, haiko. Nikabaki na kitufe kimoja. Naikumbuka hiyo skrini mpaka leo, Recover 5/8, yaani imebaki mara tano kati ya nane. Raundi zingine mbili, 4/8. Kisha 3/8. Ile namba ndogo kwa kona ya kitufe ndio nilikuwa naangalia, sikuwa naangalia wanyama tena.

Na hapo ndio kiini, tafadhali mtu asiangalie simu. Kizazi cha 8 Recover ukiiongeza mpaka mwisho ilikuwa 16. Sasa ni 8. Roost ni 8, Soft-Boiled ni 8, Slack Off ni 8. Waliotengeneza gemu walikata nusu, na watu wakapita hiyo mstari wakikimbilia kuona Koraidon na Miraidon. Kwa chumvi ya Garganacl, Recover 16 ni raundi 32 za kupumua, na raundi 32 unaweza kupata njia, mpinzani anaweza kukosea, chochote kinaweza kutokea. Recover 8 ni raundi 16. Toxapex wangu alikufa 0/8, akakaushwa na chumvi kama samaki wa kupelekwa mbali, hakuna ngumi hata moja ya maana ilimgusa. Kisha Kingambit wake akaja kufagia waliobaki.

Mtu atasema, vaa Heavy-Duty Boots, buti za kukinga mawe na miiba, uache kulia. Nimevaa. Ukivaa Boots umevua Black Sludge, hiyo ni moja. Mbili, Knock Off moja tu, ile ngumi ya kukuangushia kitu ulichobeba, na buti zimeenda, na mpinzani anajua hivyo kwa hivyo ndio kitu cha kwanza anakupiga nayo. Mwingine atasema shida yote ni Tera, ile ya kubadilisha aina ya mnyama katikati ya mechi. Hapa nakataa kabisa. Tera ni mara moja kwa mechi na kila upande unayo. Ndio, inatisha, ukibaki kwa aina yako ya asili nguvu inatoka mara 1.5 inakuwa mara 2, na Dragonite akigeuka Normal hiyo Extreme Speed yake inavunja nyumba. Lakini mlinzi pia anageuka, yule Garganacl mwenyewe akigeuka Water au Fairy unamshika wapi? Smogon waliijadili kuifungia, ikabaki, na mimi nasema ilifaa ibaki. Tera unaweza kuikisia ukajipanga. Kitufe chenye kimeandikwa 0/8 huwezi kukipangia kitu.

Kwa hivyo mkiniuliza mshindi mkubwa ni nani, ni Gholdengo, hata siku hajaua mtu. Anatoka kwa Gimmighoul ukishakusanya sarafu 999, na hiyo kazi inalipa. Wa pili ni Great Tusk, juu anaweza kuzungusha Rapid Spin na Gholdengo akiingia anaogopa Earthquake na Knock Off. Ndio maana Gholdengo wengi wamebeba Air Balloon, puto ya kuwainua Earthquake isiwafikie, ukipasua hiyo puto kwanza mambo yanabadilika, hiyo mfanyie mazoezi. Wa tatu Kingambit, kila mwenzake akianguka nguvu inapanda asilimia 10 mpaka 50, na watu waliochoka kulipa nauli ndio wanaangukia mikononi mwake.

Muda naona unaisha, nipite haraka. Walioumia wengine: Cinderace na Greninja, uwezo wao wa kubadilika aina, Protean na Libero, sasa ni mara moja kila wakiingia, ule uchawi wa kubadilika kila raundi umeisha. Ferrothorn hayuko kabisa kwa gemu. Zacian, Intrepid Sword yake ya kujipandishia nguvu inawaka mara moja kwa mechi. Wa aina ya barafu wamepata, theluji inawapa Defense nusu zaidi na haikati mtu tena. Mechi za wawili wawili nilikuwa nimeziandalia mengi, Iron Hands, Tatsugiri kuingia kwa mdomo wa Dondozo akampandisha kila kitu hatua mbili, hiyo mtaniita siku ingine.

Swali moja. Ndio, dada yangu pale kwa dirisha. Unauliza Toxapex umtoe uweke nani?

Jaribu Clodsire. Ni Poison na Ground, chumvi inamkata thumni badala ya robo, Earthquake yake inamuuma Garganacl na pia Gholdengo kama hana puto, na ukimpa Unaware, uwezo wa kupuuza nguvu mpinzani amejipandishia, hata Kingambit akicheza Swords Dance ni kazi bure. Miiba bado itamkata akiingia, usimtoe ovyo. Na Recover yake pia ni 8, kwa hivyo anza kuzihesabu kutoka raundi ya kwanza, usingoje ifike 3. Leta hiyo simu hapa mbele, tuijenge hiyo timu saa hii.