Fomu zilizojazwa na watoto

Bapapa, bamama, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliobanana kule nyuma, sitaanzia kwenye kompyuta. Habari za kompyuta mmeshaambiwa sana. Kila anayekuja kutuuzia tableti hutueleza kwanza kwamba dunia imebadilika. Tunajua imebadilika! Mimi nimekuja kusema juu ya kuuliza: kuwauliza wazazi, watoto na walimu kabla ya kuleta kompyuta shuleni.

Wengi wenu mmeshanisikia nikisimulia habari ya fomu. Nitaisimulia tena, maana mwezi uliopita nimeletewa nyingine ya namna ileile.

Shule moja hapa Lubumbashi, sitaitaja, ilitaka kufungua chumba cha kompyuta, na kila mzazi aongeze kitu juu ya minervali, yaani karo. Uongozi ukasema: tuwasikie wazazi kwanza. Wazo jema. Ikaandikwa fomu ya kurasa mbili, Kifaransa kitupu, watoto wakapewa Ijumaa wapeleke nyumbani. Jumatatu zikarudi. Karibu zote: "Oui", yaani ndiyo. Prefe, mkuu wa shule, alifurahi, akaniita nimsaidie kuhesabu.

Nikakaa na lile rundo. Kufika fomu ya kumi nikaanza kuitambua miandiko. Madaftari yao nayasahihisha mimi kila juma. Namjua anayeikata 7 katikati na namjua anayesahau nukta juu ya i. Walioandika walikuwa wanafunzi wangu wa mwaka wa saba. Palipoulizwa kama mzazi angependa kulipa kwa mwezi au kwa muhula, mmoja wao alijibu: "Mama atalipa."

Jioni nikaenda Katuba, hapahapa mjini, kwa mama wa mtoto huyo. Nilimkuta anapanga makala, makaa ya kupikia, katika mafungu, mikono mieusi hadi kwenye viwiko. Akajifuta kwenye kitenge, akaipokea fomu kwa ncha za vidole isichafuke, akaitazama. "Mwalimu, hii ni mutoto alijaza. Miye nilitia tu mukono. Aliniambia ni karatasi ya masomo."

Nikairudisha mfukoni, nikavuta kigoda, tukazungumza Kiswahili. Nyumba hii ina simu ngapi? Moja. Inashikwa na nani? Baba anaondoka nayo asubuhi, inarudi usiku. Umeme ukiwapo, inachajiwa. Mega za intaneti zinanunuliwa siku makala yametoka vizuri. Na kwa masomo, nani anaanza kuitumia? Kijana. Na binti? Mama akacheka kidogo, akainamisha kichwa. "Binti anasukula masahani kwanza. Akimaliza, moto imekwisha mu simu." Yaani anaosha vyombo kwanza, na akimaliza, chaji ya simu imekwisha.

Bamama, binti huyo alikuwa hodari kuliko wote darasani kwangu kwa hesabu. Wakati ule mazoezi ya nyumbani tulikuwa tukiyatuma kwenye WhatsApp. Yeye hakuwa akiyaleta, nami nilikuwa nikimkata pointi. Nilimkata muhula mzima! Fomu yake ilikuwa mezani kwangu imeandikwa "Oui", na kama nisingekwenda kukaa kwenye kile kigoda ningeendelea kumkata hadi mwisho wa mwaka.

Najua kuna mwalimu hapa anataka kuniambia kwamba lugha ya shule ni Kifaransa. Mwalimu, soma sheria namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014, sheria yenyewe ya elimu ya taifa. Inazitaja lugha zetu za taifa kuwa lugha za kufundishia na pia masomo ya kufundishwa. Kama Kiswahili kinaruhusiwa kumfundishia mtoto, kitashindwaje kumwuliza mama yake swali?

Mwingine atasema kuuliza kunachelewesha kazi. Peru hawakuchelewa. Waligawa kompyuta ndogo kwa malaki shuleni. Mwaka 2012 watafiti wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika walitoa matokeo ya shule 319 za vijijini: kompyuta zilikuwa zimejaa, lakini alama za hesabu na za lugha hazikupanda. Niwe mkweli, waliona dalili kidogo za faida katika uwezo wa watoto wa kufikiri kwa jumla. Lakini gharama ile yote! Mzazi wa Katuba hawezi kulipia jaribio la namna hiyo.

Sasa watoto. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu cha 12 kinampa mtoto haki ya kusema maoni yake katika mambo yanayomhusu. Basi mwacheni aseme, na msimwulize huku prefe amesimama mlangoni. Mimi niliwaachia waandike kwa Kiswahili, bila majina. Mmoja aliandika: "Kompyuta tunajifunza ubaoni. Mwalimu alichora kibodi kwa chaki, A, Z, E, R, T, Y, nasi tukaichora kwenye daftari, tukawa tunabonyeza daftari." Kompyuta za shule ya mtoto huyo zipo. Zimefungiwa chumbani, na mlango unafunguliwa siku ya wageni.

Naona naonyeshwa saa. Walimu wenzangu, kwenu nilikuwa na mengi, niseme haraka tu: mega za kundi la darasa mnanunua kwa mshahara wenu, na mnapoulizwa maoni mnaulizwa mbele ya yule anayewalipa. Hapo nani atasema kweli? Muulizwe peke yenu. Habari ya simu darasani, ile Ufaransa waliyoitungia sheria mwaka 2018, tutaizungumza siku nyingine, maana inataka jioni nzima.

Jumamosi ijayo tunakwenda Katuba kuongea na bamama wa sokoni, saa kumi na moja jioni, wakishafunga meza zao. Anayetaka kuja na aje. Fomu msilete, leteni daftari, na mwenye kigoda aje nacho.