Kibali Ndicho Kilichoua Magazeti ya Indonesia

Ndugu zangu, habari za magazeti ya mwanzo ya Indonesia, Bataviase Nouvelles la 1744 enzi za Waholanzi na Medan Prijaji la mwanahabari mzalendo Tirto Adhi Soerjo, mnazo, sitazirudia. Narudi kwenye jambo ninalolisema kila ninapopewa nafasi. Ukitaka kuielewa historia ya magazeti ya kila siku ya Indonesia, usianzie kwenye mitambo ya kuchapa wala kwenye majina ya wahariri. Anza na kibali, yaani ruhusa ya serikali ya kutoa gazeti. Nani alikitoa, nani alikifuta, na lini.

Chukueni Indonesia Raya, gazeti la Jakarta lililoanza mwishoni mwa 1949 chini ya Mochtar Lubis. Lilimsema Rais Sukarno na watu wake bila kumung'unya maneno. Desemba 1956 Lubis akakamatwa, akazuiliwa nyumbani kwake, kisha gerezani. Akatoka 1966. Mwingine angesema yametosha, napumzika. Yeye 1968 akalifufua gazeti lake, na mwaka uliofuata likaanza kuichimba Pertamina, shirika la mafuta la taifa lililokuwa mikononi mwa Jenerali Ibnu Sutowo. Toleo baada ya toleo: mikataba, fedha zisizofika hazina, utajiri wa mkuu wa shirika. Januari 1970 Rais Suharto, aliyemrithi Sukarno, akaunda tume ya watu wanne kuchunguza ufisadi. Tume ikaandika mapendekezo yake, Ibnu Sutowo akabaki pale pale.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Januari 1974 Waziri Mkuu wa Japani, Tanaka, alizuru Jakarta. Wanafunzi wakaandamana, magari na maduka yakachomwa, watu wakafa. Indonesia Raya halikuchoma duka la mtu. Lakini lilifutiwa kibali cha kutoa gazeti na kile cha kuchapa pia, maana enzi hizo vilitakiwa viwili, kimoja cha Wizara ya Habari, kingine cha wanajeshi wa usalama. Magazeti ya Pedoman, Abadi na Harian KAMI yakaenda nalo. Halafu 1975 Pertamina ikashindwa kulipa, ikabainika inadaiwa zaidi ya dola bilioni 10! Gazeti lililopiga kelele miaka mitano kabla halikuwepo tena kuwaeleza wananchi fedha zao zilivyopotea. Hiyo hasara haimo kwenye hesabu yoyote ya serikali, na ndiyo inayoniudhi kila nikiifikiria.

Najua yupo atakayeuliza: mbona gazeti la Kompas lipo tangu 1965? Lipo, ndiyo. Ila Januari 1978 nalo lilifungiwa pamoja na mengine, likarudi baada ya wiki kama mbili, wakubwa wake wakiwa wametia saini ahadi ya kulinda utulivu wa nchi na heshima ya viongozi. Siwalaumu, walikuwa na wafanyakazi wa kuwalisha. Lakini enzi hizo simu moja ya wakubwa wa serikali kwa mhariri ilitosha kuua habari, kwa sababu kila mhariri alijua kibali kiko mkononi mwa nani. Kwa nini umfunge mtu jela wakati unaweza kulifunga gazeti kwa karatasi moja? Gazeti la Sinar Harapan lilifutwa Oktoba 1986, baada ya kuandika kuhusu mabadiliko ya kanuni za kuagiza bidhaa nje. Kanuni za biashara, jamani!

Muda unaniishia, kwa hiyo haya haraka. Sheria Na. 40 ya 1999 iliondoa kibali, na mwaka huo huo Wizara ya Habari ikavunjwa. Magazeti mapya yakazaliwa kwa wingi. Leo yanaondoka kwa njia nyingine: Koran Tempo liliacha kuchapwa mwisho wa 2020, Republika mwisho wa 2022. Hilo la intaneti na matangazo nililiandaa kwa kirefu, litasubiri siku nyingine.

Lakini siondoki hapa bila kumtaja Udin, mwandishi wa gazeti la Bernas, Yogyakarta. Aliandika juu ya ufisadi wa wilaya ya Bantul, akapigwa nyumbani kwake Agosti 1996, akafa siku tatu baadaye. Waliomuua hawajatiwa hatiani hadi leo, na sheria ya 1999 haikubadilisha hilo. Sasa maswali, karibuni.