Namba Mbili Si Kumi na Mbili

Asanteni. Walio nyuma sogeeni mbele, feni inayofanya kazi ni hii ya huku. Baadhi yenu mmeshanisikia nikisema kwamba kwenye hifadhidata usitie orodha nzima katika safu moja ya jedwali, na leo nalisema tena, kwa sababu wiki hii hii nimeletewa jedwali jingine lenye safu moja iliyoshindiliwa namba na mikato.

Sikilizeni kisa cha Bi mmoja muuza viungo pale soko la Marikiti, Mombasa. Alikuwa mteja wa bohari moja huko Shimanzi. Kwenye jedwali la wateja, safu ya bidhaa zake iliandikwa '7,12'. Saba ni bizari, kumi na mbili ni mdalasini. Mzigo ukiingia, programu huwatafuta wateja wa bidhaa hiyo na kuwatumia ujumbe wa simu. Siku moja yakaingia mabati, namba 2. Kwiri, yaani swali ambalo programu huiuliza hifadhidata, ikauliza: bidhaa LIKE '%2%'. Maana yake, niletee kila palipo na tarakimu mbili. Sasa kumi na mbili inaishia na nini? Bi akapata ujumbe, akakodi mkokoteni, akamlipa hamali, jua la saa saba, magunia matupu begani. Kufika getini anaonyeshwa mabati! Mara ya kwanza alicheka. Ya pili alinyamaza. Ya tatu akaacha kabisa kusoma jumbe zao, na mdalasini wake ulipoingia kweli ukakaa bohari siku 9 ukihesabiwa ada.

Nilipoitwa nilimkuta kwenye benchi karibu na mizani, risiti ya ada ameikunja vipande vinne. Akaniuliza, "Mwanangu, kwenu nyinyi mbili na kumi na mbili ni mamoja?" Nimelibeba swali lile mpaka leo.

Kabla yangu walikuwa wameshajaribu kulitibu. Kwanza wakatafuta '%,2,%', mbili yenye mkato huku na huku. Wateja ambao mbili ilikuwa mwanzo au mwisho wa orodha wakatoweka, maana hapo mkato ni wa upande mmoja tu. Wakaizungushia orodha nzima mikato kabla ya kutafuta, na hapo ikaelekea kukaa sawa. Kisha karani mmoja akaandika '7, 12', akaacha nafasi baada ya mkato kama alivyofundishwa shuleni, naye hakukosea! Mteja huyo naye akapotea.

Najua kuna anayetaka kuniambia, mwalimu, ule mfumo wa hifadhidata wa MySQL una FIND_IN_SET, ya kutafuta kitu ndani ya orodha yenye mikato. Ninaijua. Haichanganyi mbili na kumi na mbili, hilo nalikubali. Lakini ile nafasi ya karani inaishinda, na faharasa ya kawaida, ile inayoipeleka hifadhidata moja kwa moja kwenye mstari unaotakiwa, haiisaidii kitu: kila ukiuliza, inabidi orodha zisomwe mstari kwa mstari. Wateja mia hutaona tofauti. Wakifika laki tatu utaiona.

Kuna kosa jingine linaloniumiza zaidi, kwa kuwa halipigi kelele. Mtu ana maandishi '2,5' kutoka kwenye fomu, anayapitisha kama kigezo kimoja ndani ya IN, neno la kwiri linalouliza kama namba imo katika orodha, akidhani amepeleka namba mbili. Amepeleka neno moja lenye mkato katikati. PostgreSQL, mfumo mwingine wa hifadhidata, kama safu ni ya namba, itakataa na kukupa kosa, na hapo imekufanyia hisani. MySQL inasoma ile 2, inaishia kwenye mkato, inakurudishia mstari wa namba 2 pamoja na onyo ambalo hakuna anayelisoma. Jibu limekuja, skrini imejaa, nawe unakwenda nyumbani ukiamini tano haipo.

Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM, aliandika makala yake ya modeli ya mahusiano, yaani ya kuweka data kwa majedwali, mwaka 1970. Humo alitaka kila chumba cha jedwali kiwe na thamani moja isiyogawanyika. Tumepewa miaka yote hii, na bado tunatia orodha chumbani!

Kwa hiyo pale Shimanzi tulifanya hivi. Mbali na jedwali la wateja na la bidhaa, tukaweka jedwali la tatu, safu mbili: mteja, bidhaa. Bi akawa na mistari miwili, mmoja wa 7, mmoja wa 12. Kuuliza nani anahusika na 2 kukawa ni kulinganisha namba na namba, na faharasa ikaanza kufanya kazi yake.

"Lakini orodha imetoka nje, mimi sikuiandika." Sawa, basi ipasue mlangoni. Za kupasulia zipo: SQL Server, hifadhidata ya Microsoft, ina STRING_SPLIT tangu toleo la 2016, PostgreSQL ina string_to_array. Ondoa nafasi, geuza namba, ndipo ulinganishe.

Muda unanikimbia. Kulinganisha orodha mbili, jiulize kwanza: unataka zigusane popote, au moja iwe nayo yote ya mwenzake? Kugusana, unganisha tu majedwali. Yote, chuja zile unazotaka, kusanya mistari kwa kila mteja, hesabu zisizojirudia, kisha kwa HAVING, kichujio cha makundi, dai idadi iwe sawa na ya ulizotaka. Na '2,5' na '5,2' ni maandishi mawili tofauti ingawa bidhaa ni zile zile. Mengine nilitaka kuyaeleza, lakini tumeitwa chakula. Aliyekuja na jedwali lake alilete mezani kwangu, tulipasue tukiwa tunakula.