Jinsi ya Kuelewa Istilahi za Msingi za Utafiti wa Peptidi: Mfano wa Oksitosini

Ndugu mtazamaji, kabla hatujaanza chukua karatasi na kalamu, kwa sababu istilahi hizi huingia akilini upesi zaidi mkono unapoandika. Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, yaani vijenzi vya protini. Mfano wetu ni peptidi moja tu, oksitosini, homoni inayoukaza mji wa mimba wakati wa kujifungua, na ambayo mama hudungwa mara mtoto anapozaliwa ili asivuje damu nyingi.

Kwanza, andika herufi hizi tisa katika mstari mmoja, ukiacha nafasi kati yake: C, Y, I, Q, N, C, P, L, G. Kila herufi inawakilisha asidi amino moja. C ni sisteini, Y ni tairosini, na G ya mwisho ni glisini. Mpangilio huo huitwa mfuatano, nao husomwa kuanzia ncha ya N, yenye kikundi cha amino, hadi ncha ya C, ambayo jina lake linatokana na kaboksili wala halihusiani na herufi C ya sisteini. Ukiusoma kinyume umetaja molekuli nyingine.

Sasa unganisha kila herufi na jirani yake kwa kistari. Utapata vistari vinane, na kila kimoja ni kifungo cha peptidi, yaani mahali ambapo asidi amino mbili zimeshikana na kuachia molekuli moja ya maji. Kisha chora upinde kutoka C ya kwanza hadi C ya pili. Upinde huo ni daraja la disulfidi, linalofunga atomi mbili za salfa, na hapo mnyororo wako umegeuka kuwa pete ya asidi amino sita yenye mkia wa asidi amino tatu. Vincent du Vigneaud alikamilisha usanisi wa molekuli hii, maana yake kuiunda maabarani, mwaka 1953, na miaka miwili baadaye akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Futa I uandike F, futa L uandike R, na mengine yaache yalivyo. Umepata vasopresini, homoni inayozifanya figo zihifadhi maji. Herufi mbili tu zimebadilika, lakini kipokezi, ile protini ya seli inayoipokea homoni na kuitikia, huzitofautisha mbili hizi, ingawa kwa kuwa zinafanana sana kila moja huweza kugusa kidogo kipokezi cha mwenzake. Ndiyo sababu mtafiti hukagua mfuatano herufi kwa herufi.

Mwisho, tusome lebo ya kichupa cha maabara. Uzito wa molekuli hutajwa kwa daltoni, na wa oksitosini ni takriban 1,007. Usafi wa asilimia 98 unaeleza kwamba, kati ya vitu vya aina ya peptidi vilivyopimwa kwa kromatografia, njia ya kutenganisha vitu vilivyochanganyika, asilimia 98 ni ile iliyokusudiwa. Hauelezi kwamba asilimia 98 ya unga wote ni peptidi, kwani unga huo hubeba pia maji na chumvi. Kiasi halisi cha peptidi ni kipimo kingine, na wanaoanza huvichanganya mara nyingi mno.

Angalia pia vizio. Miligramu moja ni mikrogramu 1,000, lakini oksitosini ya hospitali hupimwa kwa vizio vya kimataifa, ambavyo hupima nguvu ya utendaji wake. Vizio 10, kipimo ambacho Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwa kuzuia kuvuja damu baada ya kujifungua, ni takriban mikrogramu 17 tu.

Ukikuta maneno "kwa matumizi ya utafiti pekee", yachukue kama yalivyo. Dawa ya wodini ina herufi zile zile tisa ulizoandika, ila imetengenezwa na kupimwa ili isiwe na vijidudu wala sumu za bakteria, na huhifadhiwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Kichupa cha utafiti hakikupitia vipimo hivyo vya dawa, kwa hiyo hakidungwi mtu, hata kama cheti chake kimeandikwa usafi wa asilimia 99.