Namba tunajua sio tasa, sasa vigawo vyake viko wapi?

Haya jamani tuanze, naandika namba moja hapa ubaoni na leo tutakaa nayo: 147,573,952,589,676,412,927. Tarakimu 21. Ni 2 kwa kipeo cha 67, halafu unatoa 1, basi.

Mwaka 1644 mtawa mmoja wa Ufaransa, Marin Mersenne, alitoa orodha ya vipeo ambavyo alisema vinazaa namba tasa (yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na yenyewe), na 67 imo. Uthibitisho hakutoa.

Hebu tuipime. Inaishia na 7, kwa hiyo 2 na 5 hazimo. Jumla ya tarakimu zake ni 109, so 3 nayo haigawi. Lakini ukienda hivi moja moja itabidi ufike mpaka kipeuo chake cha pili ambacho ni kama bilioni 12, na zama hizo kompyuta hakuna, ni kalamu na karatasi.

Mwaka 1876 mwanahisabati Mfaransa Édouard Lucas akathibitisha namba hii sio tasa, na hakuonyesha kigawo hata kimoja! Hapa ndo mimi huwa nashangaa kila nikifundisha, maana sote tulizoea kwamba kusema namba inagawanyika lazima useme inagawanyika kwa nini. Kipimo chake, kama mwanahisabati Lehmer alivyokuja kukirahisisha, kiko hivi: anza na 4, izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba yako uchukue baki tu, kisha rudia, na idadi ya kurudia ni kipeo toa 2. Chukua 31, kipeo chake 5, tunarudia mara 3: kutoka 4 unapata 14, kisha 194 ambayo baki yake ni 8, kisha 62, na 62 kwa 31 haibakizi kitu, kwa hiyo 31 ni tasa. Kwa namba yetu unarudia mara 65 na mwishoni baki sio sifuri. Imekwisha, sio tasa, ila vigawo vyenyewe hesabu hiyo haikupi hata dokezo.

Sasa utavisakaje? Tuseme p ni kigawo tasa cha namba yetu. Ukiwa unazidisha 2 kwa 2 kwa 2 na kuchukua baki kwa p, baki inarudi kuwa 1 kila baada ya hatua 67 (67 yenyewe ni tasa so haiwezi kurudi mapema), na mwanahisabati Fermat alishatuambia kwamba baada ya hatua p toa 1 baki ni 1 pia, kwa hiyo p toa 1 lazima igawanyike kwa 67, na kwa vile p ni witiri inagawanyika kwa 2 vilevile. Yaani kwa 134. Mnaona msitu ulivyofyekwa? Jaribuni kwa kipeo cha 11 mkifika nyumbani: 2047 ni 23 mara 89, ukitoa 1 kila kimoja unapata 22 na 88.

Oktoba 1903, kwenye mkutano wa wanahisabati New York, Frank Nelson Cole akaonyesha: 193,707,721 mara 761,838,257,287. Inasimuliwa kwamba alizidisha ubaoni bila kusema neno, akarudi kukaa, ukumbi ukapiga makofi. Mimi nawaomba mpige hesabu ya 193,707,720 gawanya kwa 134, mtapata 1,445,580 kamili, hakuna baki.

Leo kompyuta ya kawaida inamaliza hiyo fasta sana. Lakini pandisha kipeo kiwe 1277, tarakimu 385. Tunajua kabisa sio tasa, tunajua kila kigawo chake tasa ukikitoa 1 kinagawanyika kwa 2554, na mpaka saivi naongea na nyie hakuna kigawo hata kimoja kilichopatikana. Haya, maswali.