Nyumba ya Lamu Ikatwe Wapi? Mhadhara juu ya Kujenga Vijumba Vidogo

Asalaam aleykum. Ahsanteni kwa kuja na joto hili la kaskazi, wazee wangu, dada zangu, na nyinyi wanafunzi mliokaa mkekani huko mbele.

Hapa mezani mnaona kitu nimekifunika kwa leso. Nitakifunua mwisho. Kabla ya hapo nataka niwaeleze swali lililoninyima usingizi muda wa miaka miwili: nyumba ya mawe ya hapa Lamu, ukitaka kuijenga ndogo ikae juu ya meza, utaikata wapi ili watu waone ndani?

Wenzetu wa Ulaya hawana taabu hiyo. Nyumba yao ina uso. Madirisha yatazama barabara na mlango uko katikati, kwa hiyo fundi wa kijumba cha wanasesere huufungua ukuta wa mbele kama mlango wa kabati. Petronella Oortman wa Amsterdam, aliyeanza chake mwaka wa 1686, alitumia kabati hasa. Vyumba amevipanga kama rafu, na leo kabati hilo liko katika makumbusho ya Rijksmuseum. Kijumba cha Malkia Mary wa Uingereza, kilichochorwa na msanifu Edwin Lutyens na kukamilika 1924, kuta zake za nje huinuliwa juu, vyumba vikabaki wazi. Kina umeme, kina maji yanayotoka bombani, kina maktaba ya vitabu vya kweli. Narcissa Thorne wa Chicago yeye aliziacha kuta za nje kabisa, akajenga vyumba peke yake. Vyumba vyake 68 viko Art Institute of Chicago, na kila kimoja watu wakitazama kupitia kioo, kama mtu aliyesimama nje ya dirisha.

Sasa toka hapa, pita kichochoro chochote cha mtaa wa Mkomani. Waona nini? Ukuta mtupu, mrefu, na huko juu labda tundu la hewa. Mlango wa kuchonga, ndio, na daka, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni, lenye baraza mbili za kukalia wageni. Lakini hata mlango ukiwa wazi, macho yako hayafiki popote, kwa sababu njia yapinda kabla ya kuingia kiwandani, ndio uwanja wa katikati ya nyumba. Nyumba yetu imetugeuzia mgongo, na imefanya hivyo makusudi. Ni sitara. Kijumba kazi yake ni kuonyesha, na nyumba hii kazi yake ni kuficha.

Mara ya kwanza sikulifikiria hilo. Nilichukua plaiwudi nyembamba, nikajenga, nikafungua upande wa mbele kama nilivyoona katika picha za Wazungu. Vipimo nilikisia kwa jicho. Kiti kikawa kikubwa kuliko mlango wake, na kitanda cha ulili mwanasesere asingeweza kukipanda bila ngazi. Kisha ulipofika msimu wa kusi, unyevu wa bahari ukaibambua plaiwudi tabaka kwa tabaka, maana sikuipaka chochote. Lakini hayo yote yangerekebishika. Kilichoniuma ni kwamba kilionekana kama duka. Chumba cha kulala cha mwenye nyumba kimetazama barabarani!

Nilimwonyesha jirani yangu, mama wa makamo ya bibi yangu, aliyezaliwa katika nyumba ya mawe. Alikitazama kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, funga. Watu wapita."

Maneno hayo ndiyo yaliyonipa jibu. Nikamwuliza: wewe ulipokuwa mtoto, nyumba uliiona ukiwa umekaa wapi? Akasema, kiwandani. Basi hapo ndipo pa kukata. Ukisimama kiwandani, nyumba yote iko mbele yako: msana wa tini, chumba kirefu cha kwanza, nyuma yake msana wa yuu, na mwisho kabisa chumba kiitwacho ndani, penye ukuta wa zidaka, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vyombo. Sakafu yapanda kidogo kila uingiapo, na mwanga wapungua. Kwa hiyo kijumba changu sikukifungua upande wa barabara. Ukuta wa barabara uko mzima, hauna hata kitobo. Nilichoondoa ni ukuta wa kiwanda ulio upande wa pili, na anayetazama yuko mahali pa mtu wa nyumbani. Mgeni wa barabarani haoni kitu, kama ilivyo desturi.

Tuje kwenye vipimo, na hapa nawaomba vijana mnisikilize sana. Kipimo kinachotumika zaidi katika uraibu huu ni 1 kwa 12: inchi moja ya kijumba ni futi moja ya nyumba. Mafundi wetu bado wapima kwa futi, kwa hiyo hesabu ni nyepesi. Nendeni mkapime, msikisie. Kuna jumba la makumbusho la nyumba ya Waswahili papa hapa mjini, na kuna nyumba za jamaa zenu. Mlango wa mita 1.8 utakuwa sentimita 15. Ukuta wa sentimita 48 utakuwa sentimita 4, na unene huo msiupunguze hata kidogo, kwa sababu ukuta mwembamba huiua nyumba ya Lamu papo hapo.

Upana wa chumba umeamuliwa na boriti. Mti wa mkoko uliolazwa kutoka ukuta hadi ukuta hauwezi kubeba dari ya mawe na chokaa zaidi ya mita 2.8 hivi, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Katika kijumba upana ni kama sentimita 23. Boriti yenye unene wa sentimita 12 yawa sentimita 1, nami hutumia vijiti vya mkoko vilivyokauka, nilivyookota ufuoni. Kwa fito sihitaji kununua chochote. Nachomoa chelewa kwenye ufagio wangu.

Zidaka ndizo zilizonila muda. Nilimimina jasi katika kibao chenye kingo, nikasubiri mpaka ikawa kama sabuni ya mche: kucha yaingia, lakini haishiki. Hapo ndipo pa kuchonga. Ikiwa mbichi zaidi hufumuka, na ikikauka humegeka. Muda wenyewe ni mfupi, kwa hiyo huchonga safu moja tu kwa siku, kwa sindano ya kushonea magunia niliyoitia mpini wa kalamu kuukuu. Kidaka kimoja kina kimo cha sentimita 3. Juu yake huzungusha upinde, kisha kwenye ukingo natia nukta kwa ncha ya mswaki, moja moja, nikishika pumzi. Nina zidaka 45, safu tano za tisa tisa. Tatu zimepinda kushoto. Nilitaka kuzivunja, kisha nikaenda kuutazama ukuta wa kweli kwa makini, nao una zilizopinda. Mkono wa mtu ulipita pale. Nikaziacha.

Sahani za zidakani ni vifungo vya koti. Sahani ya sentimita 24 yawa sentimita 2, na kifungo kikubwa kina kina na ukingo kama sahani. Matundu nayaziba kwa jasi, nachora maua ya buluu kwa unywele wa brashi.

Kuna vitu ambavyo havikubali kupunguzwa. Nguo haikubali. Pazia la kweli laanguka kwa uzito wake, la kijumba lasimama kama karatasi. Dawa yake ni kulilowesha kwa gundi iliyozimuliwa kwa maji, kulibana mikunjo kwa pini, na kuliacha likauke hivyo hivyo. Mkeka nao haukubali: ukindu wa milimita 6 ungetakiwa uwe nusu milimita, na mkono wa kusuka huo sijauona. Nimetumia kipande cha kitani, nikatia rangi za milia kwa uzi.

Labda mtu ajiuliza, yote haya ya nini kwa mtu mzima? Miaka ya 1940 huko Marekani, mama mmoja, Frances Glessner Lee, alijenga vyumba vidogo kwa kipimo hiki hiki cha 1 kwa 12, vya mahali watu walipokutwa wamekufa, ili wapelelezi wajifunze kutazama. Vingi bado viko Baltimore vyafundishia. Mimi nimejifunza kutazama kwa njia ya upole zaidi. Nimeishi katika mji huu maisha yangu yote, na sikujua kwamba sakafu ya msana wa yuu imepanda, mpaka nilipolazimika kuijenga. Na jirani yangu, aliyekuwa hasemi sana, kila jioni sasa aniletea kitu: kibao cha mbuzi hukaa hapa, mtungi hukaa kule, mwanangu, kawa umeiweka pasipo pake. Mengine anayoniambia sijayaona katika kitabu chochote.

Haya, nafunua leso. Karibuni mezani, watatu watatu, mkae upande huu wa kiwanda. Kule mwisho, mbele ya ndani, kuna pazia jekundu. Alilishona jirani yangu kwa mkono wake, akaniambia lisiachwe wazi daima. Anayetaka kuchungulia aliinue kwa kile kijiti, asitumie kidole. Gundi bado ni mbichi.